Hatua Mia Nne na Sitini

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kijiti alichota ndoo mbili za maji, akakunja matandiko, kisha akafagia nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Jina hilo alipewa kwa sababu ya miguu yake, mirefu na myembamba. Kazi za nyumbani alizimaliza chapuchapu. Za shule ndizo zilizomtia uvivu.

Wiki hiyo mwalimu wao wa darasa la sita aliwapa zoezi ambalo huwapa wanafunzi kila mwaka. Waanzie kwenye lango la kiwanda cha zamani cha sabuni, wapite kwenye bomba la maji, waishie kwenye jengo lililokuwa shule ya kwanza ya mtaa. Njiani wahesabu hatua zao na kuwauliza wenyeji habari za zamani. "Mtaa huu mnaukanyaga kila siku, lakini hamuujui," aliwaambia.

Kijiti hakwenda. Aliruka kamba mpaka jua likazama, ndipo alipokumbuka daftari la dada yake. Dada alifanya zoezi hilohilo miaka mitatu iliyopita, na mwezi mmoja baadaye akafariki kwa ugonjwa wa moyo ambao hakuna aliyejua kuwa anao. Mama alilitunza daftari lile sandukuni, chini ya sare yake ya shule, na hakutaka liguswe. Mama alipotoka kumpelekea mteja gauni, Kijiti alilichukua, akanakili ukurasa mzima bila kusoma vizuri, na aliposikia mama anarudi akalitia upesi kwenye mkoba wake.

Kesho yake mwalimu alisahihisha kazi zao. Alipofika kwa Kijiti, kalamu ilisimama.

"Kutoka bomba hadi shule ya kwanza, hatua mia nne na sitini," alisoma taratibu. "Umehesabu mwenyewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa miguu hiyo? Nimefundisha hapa miaka kumi na tano. Ni mtoto mmoja tu aliyewahi kuniandikia namba hii, nami nikampunguzia alama."

Kijiti alifungua mkoba na kutoa daftari la dada. Pembeni mwa ile namba palikuwa na wino mwekundu: Hesabu si sahihi. Jana aliyaona maneno hayo, wala hayakumshughulisha.

Mwalimu hakumfokea. Alisoma jina lililoandikwa kwenye jalada la daftari. "Jioni tutakwenda wote wawili," alisema.

Masomo yalipokwisha walianzia langoni mwa kiwanda. Mlinzi aliwaonyesha king'ora chenye kutu kilichokuwa kikiwaamsha wafanyakazi wa mtaa mzima. "Watu hawakununua saa," alisema akicheka. "Siku kilipoharibika, kiwanda kizima kilichelewa." Kutoka hapo hadi kwenye bomba Kijiti alihesabu hatua mia na hamsini. Dada aliandika mia na themanini.

Bibi aliyeuza maji pale bombani aliwaonyesha saruji iliyozunguka bomba. Majina kumi na moja yalikuwa yamekwaruzwa humo.

"Hawa ni watoto wetu," alisema. "Tulikuwa tunakunywa maji ya mtaro, kipindupindu kikaingia. Wa tatu hapo ni mwanangu. Tulipomaliza kuzika, tukachimba njia ya bomba hili kwa mikono yetu."

Kijiti alipitisha kidole juu ya jina la tatu. Yote kumi na moja aliyanakili jana, akidhani ni majina ya mafundi.

Bibi alimtazama usoni. "Wewe si mdogo wake yule binti wa fundi cherehani? Alikuja hapa siku moja na daftari lake. Alihema sana, midomo imemkauka. Nikamwambia, kaa upumzike, mjukuu wangu. Akasema akikaa atasahau hesabu. Akaenda hivyohivyo, hatua ndogondogo, kisigino kinagusa kidole, anahesabu kwa sauti. Akaniomba nisimwambie mama yake."

Kijiti alifika kwenye ngazi za shule ya kwanza kwa hatua mia mbili na kumi. Mwalimu aliketi kwenye ngazi, akalifungua daftari magotini.

"Alihesabu sawasawa," alisema. "Alikuwa mgonjwa. Mimi niliona kosa, sikumwona mtoto."

Alitoa kalamu, akayakata kwa mstari maneno yale mekundu. Juu yake akaandika: Hesabu ni sahihi. Nisamehe. Kijiti alilia, na mwalimu hakumnyamazisha.

Nyumbani alimkuta mama akishona pindo. Alimpa daftari kwa mikono miwili, akamweleza yote: sanduku, kunakili, uongo wa darasani, na maneno ya bibi wa bombani. Mama alisoma ukurasa ule mara mbili. Gurudumu la cherehani lilikuwa limesimama.

"Siku ile nilikuwa hapahapa," alisema. "Aliingia, akasema amechoka kidogo tu. Nami nilikuwa na nguo za watu."

"Nimekosa, mama."

"Umekosa, ndiyo. Umejitwalia kazi ambayo dada yako aliifanya kwa pumzi zake za mwisho." Alifuta machozi kwa upindo wa kanga yake. "Yeye alinificha maumivu ili nisihangaike. Wewe umenificha uvivu wako. Sikilizeni, wewe na yeye pia popote alipo. Ukiumwa, niambie. Ukikosea, niambie. Ukweli ukinifikia mapema, naweza kufanya jambo. Ukichelewa, nabaki nao tu, kama hivi."

Kijiti aliketi miguuni pake na kufungua ukurasa mpya wa daftari lake. Alianza na majina kumi na moja, moja baada ya jingine, polepole. Alipofika kwenye hatua, mama alimshika mkono.

"Andika zako," alisema. "Halafu chini yake, andika na za dada yako."