Kikuku cha Gwamaka

Mlinganishi, mtambo wa kuwatafutia wanafunzi vyuo, alipoanza kazi, ukumbi mzima uliinua nyuso. Nyuzi za mwanga zilichomoza mikononi mwa wanafunzi, zikapanda hadi kwenye kuba la kioo, zikajisuka sita sita, kisha kila msuko ukaenda kutafuta chuo chake. Watu walipiga vigelegele.

Atupele hakuinua uso. Alikuwa amevaa vikuku viwili, cha pili kakificha ndani ya mkono wa sweta.

Zamani, kabla Mbeya haijaota minara, ufadhili wa masomo ulitolewa kwa mtu mmoja mmoja. Kijana alipelekwa chuo cha mbali peke yake, upweke ukamtafuna, akarudi nyumbani bila shahada. Ndipo ukaja mpango wa timu: sita waende pamoja, wabebane. Na kwa kuwa alama za mtihani hazisemi nani atamshika mwenzake siku mambo yakiwa magumu, kila mmoja alivalishwa kikuku. Kikuku hakikuhifadhi sura wala sauti, sheria ya faragha ilikataza. Kilihifadhi mwenendo tu, na mahali ulipo. Nani alinyamaza ili mwingine aseme, nani alirudi nyuma kumsubiri aliyechoka. Kikikosa joto la ngozi, kilipiga kelele. Mlinganishi aliyasoma hayo yote mwaka mzima, akaitafutia timu chuo kinachoifaa. Sharti lilikuwa moja na halikuwa na mjadala: sita, au hakuna.

Gwamaka ndiye aliyekuwa wa sita wao. Mapafu yalipomwangusha alilazwa, akakonda hata kikuku kikawa kinamchomoka. Alimkabidhi Atupele kikuku hicho kwa mkono wake mwenyewe.

"Kivaeni kwa zamu," alisema. "Nikipona nitakichukua. Msikose chuo kwa ajili yangu."

Wakakivaa. Aliyekuwa na zamu alijitahidi kuwa Gwamaka: mpole, mwepesi wa kusamehe, wa mwisho kuchukua chakula. Ila kwenda kumtazama hawakuthubutu. Vikuku vingewaonyesha wamejazana wodini, na Mlinganishi angeuliza kuna nini.

"Tuvumilie mpaka tulinganishwe," Ipyana, kiongozi wao, alikuwa akisema kila Atupele alipomtaja mgonjwa. "Tukishapata, tunaenda wote na matunda."

Sasa sauti ya Mlinganishi ilijaa ukumbini. "Timu ya Ipyana. Mmelinganishwa na Chuo cha Anga cha Kitulo."

Ipyana alipiga magoti, akalia mbele za watu bila aibu. Kitulo! Huko ndiko walikofundishwa warusha vyombo vya anga.

"Chuo kimewachagua kwa sababu ya mmoja wenu," sauti iliendelea. "Mwaka huu hakuna aliyemfikia. Hajawahi kumwacha mwenzake. Gwamaka Mwambene, asogee mbele apokelewe."

Mwalimu Sichone, mlezi wa timu, aliwatazama mmoja mmoja. "Gwamaka yuko wapi?"

"Ametoka kidogo, mwalimu," Ipyana alidakia. "Anakuja sasa hivi." Kisha akamshika Atupele kiwiko, akanong'ona. "Atupele, dada yangu, nakusihi. Usifungue mdomo. Nitakwenda kumwomba radhi kwa magoti, lakini si leo."

Hajawahi kumwacha mwenzake. Maneno hayo yalimchoma Atupele. Walikuwa wamemtengeneza Gwamaka mwingine asiyemwacha mtu, na yule wa kweli wakamtupa. Alitamani Kitulo, alikitamani mpaka kifua kikauma. Hata hivyo alikivuta kikuku cha Gwamaka, akakiweka mezani mbele ya mwalimu, na kilio chake chembamba kikawanyamazisha watu wote.

"Gwamaka yuko hospitali, mwalimu. Tulimwacha peke yake, tukavaa kikuku chake."

Juu kwenye kuba, msuko wao ulifumuka, uzi mmoja baada ya mwingine, ukazimika. Ipyana alimtukana. Atupele alivua na chake, akakiacha pale pale, akakimbilia hospitali.

Gwamaka alikuwa amelala na mpira wa hewa puani, uso umekuwa mdogo kama wa mtoto. Alipomwona, macho yalimng'aa.

"Mmekuja! Nilijua tu mtakuja. Wengine wako wapi?"

"Wako njiani," Atupele alidanganya.

"Tumepata chuo gani?"

Atupele aliketi ukingoni mwa kitanda. "Kitulo. Walisema wamekutaka wewe kwanza."

Gwamaka alifumba macho, akacheka polepole, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Kisha akautoa mkono wake chini ya shuka, akaunyoosha.

"Basi nivalishe kikuku changu."

Atupele hakuwa na kitu. Aliuzungushia mkono ule vidole vyake, pale kikuku kilipokuwa, navyo vikakutana, vikapitana.