Kioo cha Redio ya Mjomba Abdulhamid

Kila siku akitoka chuoni, Tasnim aliweka juzuu yake rafuni, akateka maji kisimani ndoo mbili, kisha akafagia baraza. Baraza lilitakiwa liwe safi kabla ya saa kumi alasiri, kwa sababu saa kumi watu walikuja kusikiliza redio. Ilikuwa redio ya gari, na gari lenyewe halikuwepo.

Gari lilibaki Kismayo. Mjomba wake, Abdulhamid, alikuwa dereva wa pikapu ya kubebea samaki. Mwaka ule wa 1991, vita vilipoingia mjini, yeye na Tasnim walikimbilia kisiwa cha Chula kwa mashua. Pikapu haipandi mashua, lakini Mjomba hakukubali kuiacha yote. Alichomoa redio iliyokuja na gari tangu kiwandani, spika moja ya mlangoni na betri, akavifunga ndani ya shuka. Wenzake wakamcheka njia nzima: watu wamebeba unga na watoto, Abdulhamid amebeba redio. Haohao waliomcheka ndio sasa waliomjazia baraza kila alasiri, wakigombania kukaa karibu na sufuria alimotegesha spika ili sauti ivume.

Walifuata kipindi cha majina. Kwa robo saa, mtangazaji wa stesheni ya mbali alisoma kwa Kisomali majina ya watu waliopotezana na jamaa zao vitani. Tasnim alingojea jina moja tu, Shamsa, mama yake. Siku mapigano yalipoanza, mama alikuwa hospitali na mdogo wake Tasnim, Hussni, aliyekuwa na homa. Hawakurudi nyumbani. Mtu mmoja alisema amewaona juu ya lori lililoelekea mpaka wa Kenya. Miezi minne ilikuwa imepita tangu habari hiyo, na Tasnim aliogopa kumuuliza mtu yeyote kama lori lile lilifika.

Ili betri isiishe haraka, Mjomba aliunganisha nyaya dakika chache kabla ya saa kumi, akazichomoa kipindi kikimalizika. Kila ilipounganishwa upya, redio ilisahau stesheni na kuanza mwanzo kabisa. Mjomba alibonyeza kitufe, namba zikapanda kwenye kioo kidogo cha mbele, mpaka ikatokea namba aliyoiandika ukutani kwa mkaa. Bila kioo, ilikuwa kupapasa gizani.

Na kioo kilianza kuharibika. Vijistari vya namba vilipotea kimoja baada ya kingine. Nane ikaonekana tatu, saba ikaonekana moja.

“Nikipata nafasi nitakifungua,” alisema Mjomba. Lakini nafasi hakuipata, maana kule Chula dereva asiye na gari alilazimika kujifunza kuvua, na bado alikuwa anajifunza.

Tasnim alikuwa fundi, angalau kwa maoni yake mwenyewe. Alikuwa amekwisha kutengeneza kufuli la jirani na taa ya chemni. Jumamosi asubuhi, Mjomba alipokwenda baharini, Tasnim alichukua bisibisi akafungua uso wa redio. Skrubu nne, na kioo kikatoka mkononi. Nyuma yake palikuwa na kipande chembamba cha mpira chenye mistari myeusi, na chini ya mpira, vijistari vya shaba vilivyoota ukijani. Tasnim aliujua ukijani huo. Ni chumvi ya bahari.

Pale kisiwani, kila kitu kilicholiwa na chumvi kilipakwa sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mbao za vyombo zisioze. Mashua ilipakwa. Bawaba za mlango zilipakwa. Tasnim alichovya kitambaa kwenye kopo, akapaka shaba, akapaka na mpira pande zote mbili, akafunga skrubu zake akiwa ameridhika kabisa. Harufu haikumshitua mtu, kwa kuwa kisiwa kizima kilinuka sifa.

Saa kumi Mjomba aliunganisha nyaya. Kioo kilikuwa kitupu. Hakuna nane, hakuna tatu, hakuna hata kijistari kimoja.

Akabonyeza kwa kukisia. Wakasikia nyimbo za Kiarabu, wakasikia Kihindi, wakasikia mvumo. Walipoipata sauti ya mtangazaji, alikuwa anaagana na wasikilizaji. Bi Layla, jirani yao, aliyekuwa akiwatafuta wanawe wawili, Idarus na Mbwana, aliinuka polepole akakung’uta buibui lake.

“Haya, basi tena,” alisema, akaenda zake bila kumtazama mtu.

Tasnim alitaka kusema. Maneno yalimfika mdomoni, akamtazama Bi Layla akivuka kiwanja peke yake, akayameza. Usiku hakula vizuri.

Jumapili Mjomba hakwenda baharini. Alifungua redio kwa nyuma, akakagua fyuzi, ikawa nzima. Akakagua nyaya, zikawa nzima. Tasnim alikaa karibu akimpokeza bisibisi kila alipoitaka. Saa kumi wakapapasa tena, na safari hii hata sauti ya kuagana hawakuipata.

Jumatatu asubuhi Mjomba aliwasha makaa, akatia msumari mnene motoni.

“Sasa ni kulehemu,” alisema. “Kuna waya umeachia huko nyuma ya kioo. Lazima.”

Msumari ulianza kuwa mwekundu. Tasnim akaukumbuka ule mpira mwembamba. Aliona wazi kwamba ukiguswa na moto hautabaki, na mama hatapata mahali pa kusikiwa.

“Mjomba, usitie msumari.”

“Kwa nini?”

“Niliifungua mimi. Jumamosi. Nikapaka mafuta ya sifa pale nyuma ya kioo.”

Mjomba aliuacha msumari makaani. “Mafuta ya sifa,” alisema. “Kwenye redio.”

“Shaba ilikuwa imeliwa na chumvi. Nikaona ni kama mashua.”

Kidogo Mjomba acheke, kisha akakasirika kwelikweli, lafudhi ya kwao ikamtoka. “Na jana kutwa mchu mzima nafungua na kufunga kichu kisicho na kosa, nawe umekaa hapo unanipa bisibisi?”

“Niliogopa. Nilimwona Bi Layla alivyoondoka.”

Mjomba alitoa kioo, akaugusa mpira kwa kidole, akanusa.

“Umeme wa kioo hiki ni mdogo sana,” alisema. “Unapita ndani ya mistari hii ya mpira kutoka kwenye shaba. Mafuta huzuia maji yasiingie kwenye mbao, na umeme huu nao huuzuia vivyo hivyo. Nami ningeuyeyusha mpira kwa msumari wangu, na mwingine hapa Chula tungeupata wapi? Haya. Uliyepaka ni wewe, na wewe ndiye utakayesafisha. Tunataka spiriti, ile ya vidonda. Unajua nani anayo.”

Tasnim alijua. Bi Layla alikuwa akifunga vidonda zahanati moja ya Kismayo, na chupa yake moja alikuwa amekimbia nayo. Alipita kiwanjani kwa mwendo wa kinyonga, akabisha hodi.

“Salaam aleikum, Bi Layla. Mjomba anaomba spiriti kidogo ya kusafishia redio.” Angeweza kuishia hapo. “Niliyeiharibu ni mimi. Niliipaka sifa, nikanyamaza siku mbili.”

Bi Layla akaingia ndani, akatoka na chupa.

“Unirudishie nusu,” alisema. “Wachu wanaumia kila siku.”

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Tasnim aliufuta mpira kwa kitambaa chenye spiriti, pande zote, mpaka kitambaa kikatoka safi bila mafuta. Vijistari vya shaba alivisugua polepole kwa ufutio wake wa shule mpaka ukijani ukaondoka na shaba ikang’aa, akamalizia kwa spiriti. Akaacha kila kitu kikauke. Mjomba alimwonya kuhusu skrubu: asikaze moja mpaka mwisho, bali azungushe kila moja kidogo, ili mpira ubanwe sawasawa.

Walipounganisha nyaya, namba zilitokea, ila ya mwisho ilikosa kichwa.

“Pembe ya kulia,” alisema Mjomba.

Tasnim aliikaza kidogo skrubu ya hapo. Namba ikakamilika. Nane ikawa nane.

Saa kumi baraza lilijaa. Safari hii Mjomba alimwachia Tasnim kitufe, naye akazipandisha namba mpaka ile ya ukutani. Mtangazaji akaanza kusoma. Majina yalipita, ya Mogadishu, ya Baidoa, ya Brava. Halafu Tasnim akasikia:

“Shamsa Athman wa Kismayo, aliye kambini upande wa Kenya pamoja na mwanawe Hussni, anamtafuta binti yake Tasnim na kaka yake Abdulhamid. Tangazo hili lilisomwa juzi na jana. Leo limesomwa kwa mara ya mwisho.”

Mjomba alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Tasnim alilia kwa furaha, na katikati ya furaha hiyo aliona aibu kali, kwa sababu alielewa vizuri ile juzi na ile jana zilikuwa siku gani.

Kipindi kiliisha. Idarus na Mbwana hawakutajwa. Watu walimpongeza Mjomba, wakaanza kupanga ni mashua gani itakayowafikisha upande wa pili na nani wa kufuatana nao. Bi Layla alibaki ameketi mpaka Tasnim alipomaliza kuchomoa nyaya, kisha akamwita.

“Mwanangu, mimi kuhusu mafuta sina kinyongo nawe. Hukujua, na asiyejua hukosea. Lakini sikiza. Kuyatoa mafuta kulitaka spiriti kidogo na asubuhi moja. Kunyamaza kwako, kungezidi siku moja tu, kungekukosesha mamako. Kukosea utakosea tena, maana mikono yako haitulii. Ukikosea, sema siku ileile.”