Mvua Iliyokoma Dirishani

Tangi la kuchemshia maji lilikuwa limelala katikati ya shamba la kabichi, likifuka. Ukungu wa Qoboqobo ulikuwa haujainuka, na Sajenti Noluvo Ndzotyana alipolikaribia alidhani ni ndama aliyezaliwa alfajiri ile, mama yake kamwacha kwenye baridi. Halafu akaliona bati. Akainua macho. Paa la nyumba ya Bibi Nowethu Sgwebela, mkunga mstaafu, lilikuwa na tundu ambalo ng'ombe angepita, na mvuke ulikuwa bado unatoka humo polepole, ukichanganyika na ukungu hata usijue nyumba inaishia wapi na mbingu inaanzia wapi.

Bibi mwenyewe alikuwa ameshapelekwa hospitali, mgongo na mikono imeungua. Walimkuta jikoni, amekaa chini katikati ya maji ya moto na vipande vya dari.

"Ni yule Mzukisi," alisema Mzee Gqamane, jirani, akiegemea fimbo yake uani. "Fundi wa kuokoteza! Ndiye aliyeyafunga matangi haya mtaa mzima. Mkamateni."

"Yuko wapi, Tata?" aliuliza Noluvo, akimwita baba kwa heshima.

"Ningejuaje? Siku hizi haonekani. Mwenye hatia hakai."

Noluvo alizunguka nyumba taratibu. Uwanja wote ulikuwa mweupe kwa jalidi, majani yanavunjika chini ya buti. Lakini chini ya dirisha la chumba cha kulala palikuwa na duara la kijani kibichi, na ndani ya duara hilo yalisimama maua meupe marefu, yale ya masika, yamechanua katikati ya kipupwe kama waliopotea njia. Kingo za majani yake ndiyo kwanza zimeanza kuungua kwa baridi. Alisimama akiyatazama muda mrefu, akihisi kama amekanyaga ndoto ya mtu mwingine.

Juu yake, chini ya ukingo wa paa, lilichomoza bomba la shaba. Alilijua: ni bomba la usalama, lile la kutema maji nje tangi likizidiwa na joto. Mdomo wake ulikuwa umezibwa. Halikuwa tambara wala kijiti. Kilikuwa kizibo cha fundi, kipya, kimekazwa kwa spana mpaka kimeacha mikwaruzo. Alikifungua, akakitia mfukoni, hakumwambia mtu.

Hospitalini Bibi Nowethu alikuwa amelala kifudifudi, macho nusu wazi.

"Bibi, ni Noluvo. Kulitokea nini?"

"Mvua imeacha kunyesha dirishani kwangu," alisema bibi kwa sauti ya mbali.

"Mvua gani, Bibi? Huu ni kipupwe."

"Ile yangu. Nalala nayo kila siku. Ti, ti, ti. Kama mtoto anayenyonya. Siku ya pensheni nimetoka, nimerudi, imenyamaza. Tangu hapo usingizi umenikimbia."

Muuguzi alitabasamu kwa huruma. "Ni dawa za maumivu, Sajenti. Tangu wamlete anaota tu."

Noluvo alifika mpaka kwenye gari ndipo akasimama, ufunguo mkononi. Maua ya masika kwenye jalidi. Bibi hakuwa akiota. Maji ya moto yalidondoka pale siku nyingi, yakayapasha joto maua na kumbembeleza mzee wa watu, kwa sababu tangi lilikuwa linachemka kupita kiasi na bomba la usalama lilikuwa likiwaokoa wote. Kisha siku ya pensheni, wazee wote wakiwa kwenye foleni mjini, mtu akaja na spana akaliziba.

Alirudi kwa Mzee Gqamane. Mzee alimkaribisha jikoni, akabandika birika kwenye jiko la gesi.

"Tata, wewe na Bibi Nowethu mligombana."

"Tuligombana, MaDlomo," alisema mzee, akimwita kwa jina la ukoo wake, "sikatai. Bomba lake lilikuwa linatiririsha maji mpaka njiani kwangu. Asubuhi yameganda. Nimeanguka mara mbili! Nikamwambia, we mama, unataka kunizika kabla sijaoza?"

"Ukaliziba."

Mzee aliweka kikombe chini. "Nilizibe vipi? Kwa goti hili nipande ngazi?"

"Siku ya pensheni hukwenda mjini?"

"Goti liliuma. Nilikaa hapa dirishani. Nikamwona mtu wa ovaroli la bluu kaegemeza ngazi kwa Nowethu. Nikasema, afadhali, Mzukisi kaja kutengeneza, nikapitiwa na usingizi."

"Ulimwona uso?"

"Kwa ukungu ule? Niliona ovaroli na ngazi."

Noluvo alifungua kinywa aulize zaidi, akainua macho. Juu ya dari kulikuwa na sauti. Ilikuwa ndogo, ya chini, kama uji mzito unaotokota kwenye chungu kilichofunikwa.

"Tata, hiyo ni nini?"

"Tangi langu. Siku hizi linaguna, kama mimi."

Noluvo alikimbilia nje. Chini ya ukingo wa paa la mzee kulikuwa na bomba la shaba, na kwenye mdomo wake kizibo kipya kinang'aa.

"Zima swichi kubwa! Toka nje, Tata! Acha birika!"

Walikimbia, mzee na goti lake, mpaka kwenye kabichi, wakasimama ndani ya weupe ule wakisikiliza nyumba. Iliguna, ikaguna kidogo, ikatulia.

"Hata mimi?" alinong'ona mzee. "Nimemkosea nani?"

Hapo Noluvo akamwondolea shaka. Mtu hamzibii jirani bomba kisha akae ananywa chai chini ya kizibo kilekile.

Aliwapigia simu watu wa umeme, akawaomba wakate mtaa mzima. Hakuna mwenyeji aliyeuliza sababu. Kukatika umeme kwao ni kama kuchwa kwa jua. Kisha akapita nyumba kwa nyumba. Matangi ya aina ile yalikuwa katika nyumba saba, pamoja na ya Bibi Nowethu. Mabomba sita yalikuwa na vizibo. Moja lilikuwa wazi. Alipokwisha kuzima swichi za matangi yote, umeme ulirudishwa.

"Tata, nahitaji msaada wako. Nasikia Mzukisi ni mlezi wa vijana jandoni mwaka huu. Mimi mwanamke siwezi kukanyaga kule."

Mzee alijinyoosha. "Ningali mwanamume, MaDlomo."

Alipandishwa mlimani kwa gari la polisi mpaka mwisho wa barabara, akaingia msituni na fimbo yake. Alirudi alasiri, uso umebadilika.

"Yuko huko tangu jando lianze. Hajashuka hata mara moja, wanaume wote wanashuhudia. Nimemtukana bure. Anasema ni kweli hana leseni, alifunga alichopewa. Matangi ni chakavu, yametolewa kwenye bweni lililobomolewa, yakapakwa rangi. Alipoona yanatema maji ya moto alimwambia tajiri yake kwamba vidhibiti joto vimekufa. Tajiri akamjibu, wewe nenda jandoni, haya niachie."

Tajiri huyo alikuwa Fezekile Nondula, fundi bomba pekee mwenye leseni pale mjini, mtu wa suti na maneno laini. Noluvo alimwalika sebuleni kwa Mzee Gqamane jioni hiyohiyo. Alikuja, akakaa, akashika kikombe kwa vidole viwili.

"Inasikitisha sana," alisema. "Mzukisi nilimwamini kama ndugu. Mimi nauza matangi na kutia sahihi vyeti, Sajenti. Kupanda ngazi ni kazi yake. Nyumba hizi sijazikanyaga."

"Kwa hiyo ulitia sahihi bila kuona?"

"Hilo ni kosa langu. Nitalikubali mbele ya sheria."

"Sawa. Kunywa chai, tunamsubiri karani aandike maelezo yako. Anachelewa kidogo."

Nje ukungu ulikuwa umerudi, umekaa dirishani kama mgeni. Chumba kilikuwa na joto, kinataka kusinziza. Kutoka nyuma ya mlango ilisikika sauti ya chini ya maji yanayotokota, na mfuniko unaogonga polepole.

Fezekile alitazama dari. "Nini hiyo?"

"Tangi," alisema Mzee Gqamane. "Limewaka tangu asubuhi. Linaguna, nimelizoea."

Fezekile alinywa chai. Akatazama dari tena. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Mzee, lizime basi."

"Kwa nini?" aliuliza Noluvo kwa upole. "Bomba la usalama liko nje. Likizidiwa litatema maji."

"Lizime tu!"

"Litatema, Bwana Fezekile. Kaa."

"Halitatemaaa!" Alisimama hata kiti kikaanguka. "Limezibwa! Zimeni, tutakufa wote humu!"

Noluvo alitoa kizibo mfukoni, akakiweka mezani. "Hiki sijamwonyesha mtu isipokuwa mwenye nyumba hii. Wewe hujazikanyaga hizi nyumba. Umejuaje?"

Mzee Gqamane alifungua mlango wa jikoni. Juu ya jiko la gesi, sufuria kubwa ya maji ilikuwa inatokota.

Fezekile aliiangalia sufuria ile kama mtu anayeamshwa.

"Walianza kulalamika," alisema. "La huyu linadondosha, la yule linadondosha. Angekuja mkaguzi mmoja tu, angepanda darini, angeona kutu chini ya rangi. Leseni ningeipoteza. Nikavaa ovaroli la Mzukisi... Nilisema nitayanyamazisha kwa muda, mpaka nipate mengine. Sikutaka mtu aumie."

"Ulijua yangepasuka. Bomba moja tu liko wazi, la mama yako. Hilo hukuliziba."

"La mama ni jipya," alisema kwa sauti ndogo. "Nililifunga mwenyewe."

"Basi unajua kulifunga vizuri," alisema Mzee Gqamane. Fezekile hakuinua uso tena mpaka alipotiwa pingu.

Usiku ulipokuwa unaingia Noluvo alikwenda hospitali, akamsimulia Bibi Nowethu yote, kwa sauti ya chini. Bibi alisikiliza amefumba macho, hata Noluvo akadhani amelala.

"Wale wengine wako salama?" aliuliza ghafla.

"Wote, Bibi."

"Na mama yake Fezekile ameambiwa?"

"Ameambiwa. Tulimwacha amesimama mlangoni."

"Leo analala na nani?"

"Peke yake, Bibi."

"Watu wote watakuja kwangu," alisema bibi. "Watajaa hapa na machungwa yao. Kwake hataingia mtu. Nenda wewe, mwanangu. Chemsha chai, ukae naye mpaka kuche."

Noluvo alikaa kidogo, akiisikia pumzi ya bibi ikirefuka, ikitulia. Kisha akachukua koti lake, akatoka nje, akaingia kwenye ukungu kuelekea kwa mama yake Fezekile.