Kiti cha Orest

Kengele ya mkanda wa usalama ilianza kulia gari likiwa limezimwa. Marlys alikisukuma tena kile kipande cha chuma kilichochomekwa pembeni ya kiti, kengele ikazidi. Madereva wote wa kusambaza vifurushi pale mjini Brandon walikuwa na chuma hicho, wamepewa na bosi wao Garth Penner, ili gari lidhani mkanda umefungwa, na dereva aweze kuruka chini upesi. Aliyefunga mkanda kweli, Garth alimwita bibi harusi.

Kisha harufu. Uani baridi ilikuwa ya kugandisha mate, baridi ambayo ndani yake hata panya aliyekufa hanuki. Lakini humo ndani mlinuka nyama iliyooza, na Marlys alipoushika mkanda, vidole vilirudi na utelezi.

"Lyle," alimnong'oneza dereva mwenzake, "hili gari la nani?"

Lyle aliangalia kwanza mlango wa ofisi. "Dada, usiniponze. La Orest hilo. Wamepaka rangi, wameweka kioo kipya. Kiti wamekiosha tu."

Marlys akaruka nje kama aliyekalia moto. Orest! Mwezi uliopita gari la dereva mwenzao huyo liliteleza kwenye barafu, naye, bila mkanda, akatupwa nje kupitia kioo cha mbele akafa, na msibani Garth alisema, mdomo umejaa pierogi, maandazi ya viazi aliyopika mjane, kwamba marehemu alikuwa mzembe. Mwanamume hana haya hata chembe!

Garth alitoka akicheka. "Mama, unaogopa kiti?"

"Kinanuka, bosi. Siendeshi."

"Basi lete ufunguo, uende zako na kazi huna."

Marlys alikuwa na watoto wawili na mume mgonjwa. "Kaa wewe kwanza," alisema. "Ukishuka salama, naendesha."

Madereva wote walikuwa wanatazama. Garth akapanda kwa mbwembwe, akaketi, akafunga mlango, na hapo mkanda ukatoka wenyewe, polepole, ukichuruzika maji meusi, ukampita kifuani, ukampanda shingoni, ukazunguka mara ya pili, huku kengele ikilia na vioo vikifunikwa na pumzi ya mtu asiyeonekana, na kutoka ndani ya kiti, chini ya makalio yake, ikasikika sauti ya Orest, ya upole, kama alivyokuwa akiuliza kila asubuhi: "Bosi, nifunge au niwahi?"

"Ni mimi!" Garth alikoroma. "Mimi niliwapa vile vyuma! Nilijua vinaua!"

Mkanda ukalegea. Kengele ikanyamaza.

Garth alishuka, akajifuta shingo, akawatazama mmoja mmoja. Marlys alichungulia garini: mlinukia sabuni tu.

"Mlichosikia, hamkusikia," Garth alisema. "Haya, kazini!"

Uvundo uliwapiga usoni. Ulitoka kinywani mwake, mzito, wa nyama iliyooza, na kila neno liliuongeza. Lyle aliinama akatapika thelujini. Garth peke yake hakusikia harufu yoyote.

"Mbona mnaziba pua?" aliuliza. "Kwani nani kafa?"

Marlys alichomoa kile chuma kitini, akakitupa miguuni pa Garth. Wengine wakatupa vyao.

"Muulize huyo Orest uliyemmeza," alisema, akapanda garini na kufunga mkanda.