Kamera ya Uani Ilifungwa Kila Ijumaa

Nina miaka thelathini na moja, mama wa mtoto mmoja, naishi Kilosa. Wasomaji wenzangu, haya nayaandika bila machozi… yalishakauka.

Kazi yangu ni kompyuta. Mume wangu alikuwa msimamizi wa nyumba ya wageni Mikumi, na tajiri wake akanipa kibarua cha kuzichunga kamera nikiwa hukuhuku Kilosa. Niliandika programu ndogo, nikaiweka kwenye seva. Ilikuwa ikigonga poti, yaani milango ya mawasiliano ya kila mtambo, na kuniambia upi uko wazi, upi umefungwa. Kuzifungua na kuzifunga poti hizo nilimfundisha mume wangu mimi mwenyewe. Tulicheka sana siku ile!

Halafu poti ya kamera ya uani ikaanza kufungwa kila Ijumaa mchana, wafanyakazi wenzake mume wangu wakiwa msikitini. Nikampigia.

"Umeme huo, mama Nasri. Si unaijua Mikumi?"

Nikaamini. Mke asipomwamini mumewe, amwamini nani?

Lakini umeme ukikatika, kila kitu hunyamaza. Mbona kompyuta ya mapokezi iliitika? Mbona kamera ya getini iliitika? Niliyaona yote… na kila Ijumaa nikampigia tena, nikaambiwa umeme uleule.

Tajiri naye akashtuka. Akamshuku mlinzi, mzee wa Kisukuma, kwamba anazima kamera ili apitishe wezi. Akaniuliza: ni umeme au ni mtu? Kama ni mtu, mzee aondoke.

Ijumaa iliyofuata nikapanda basi. Getini nikamwamkia mzee shikamoo.

"Marahaba. Mwanangu, rudi tu nyumbani," akasema, macho chini.

Sikurudi. Katika chumba cha uani nikamkuta mume wangu… na Zaina, shoga yangu, niliyemtafutia mwenyewe kazi ya upishi pale!

Mume wangu aliomba jambo moja: nimwambie tajiri ni umeme. Msamaha hakuomba, jamani!

Nikampigia tajiri palepale, nikamwambia ni mtu, na mtu huyo ni mume wangu. Mzee akabaki kazini. Mume wangu akafukuzwa, na talaka ikanifikia kwa ujumbe wa simu. Niliusoma, nikaendelea kupepeta mchele.

Dada zangu, nawasihi, msimwulize mtu jambo mlilokwisha kuliona, mkitaka tu awadanganye mpate kulala. Mimi nilifanya hivyo Ijumaa baada ya Ijumaa… nikaona ndiyo ndoa!

Sasa mwanangu ananiuliza baba atarudi lini. Namwambia kesho. Naye analala.