Banda Lililozibwa kwa Chumvi

Mara ya kwanza Itto alidhani ni mwangwi. Juu ya banda, mumewe Bihi na fundi Addi walikuwa wakishindilia udongo wa paa jipya, tu, tu, tu. Walipopumzika huko juu wanywe chai, chini ya boriti kukajibiwa, tu, tu, tu, na ndani hamkuwa na mtu wala mnyama.

Itto alikuwa mlangoni na ndoo ya udongo. Aliwapandishia ndoo kana kwamba hajasikia.

Alikuwa na sababu. Bihi alichimba makaa Ufaransa miaka ishirini na miwili, akija kila kiangazi kama mgeni wa harusi, kisha huyo, kaondoka. Safari hii alishuka na mabegi yote. Akalitazama banda la marehemu baba yake, paa limeporomoka, akasema, "Nikiliezeka hili kabla ya theluji, nanunua ng'ombe, nabaki." Kwa neno hilo Itto angebeba mlima mgongoni.

Ila waliruka jambo. Kule milimani, banda lililokaa tupu lina wenyewe, na wenyewe huombwa wahame: huwekewa chakula cha kuskusi kisicho na chumvi siku tatu, ndipo udongo wa paa na wa kizingiti utiwe chumvi usipitishe maji. Chumvi ikitangulia, wenyewe hawana pa kutokea.

"Kaka Bihi, siku tatu tu," Addi alikuwa amesihi. "Utawafungia ndani hao."

"Akina nani? Miaka yote hiyo nimeshinda chini ya ardhi, hakuna jini hata mmoja aliyenipa salamu! Mwaga chumvi, bwana, huoni mawingu?"

Na gunia la chumvi alilibeba Itto mwenyewe.

Sasa Addi alishuka ngazi, uso umemparara. "Shemeji," akanong'ona, "umesikia kitu humo? Niambie, nibomoe pembe moja watoke. Bado udongo mbichi."

Ukibomolewa, Bihi atasusa. Akisusa, ataondoka.

"Sijasikia kitu," Itto alisema.

Siku ya nne Bihi alileta ng'ombe. Ilikuwa adhuhuri, jua kali, na banda lilinuka nywele zilizoungua. Ng'ombe alikita miguu kizingitini, akakataa katakata.

"Mshenzi wewe, mwone alivyo!" Bihi alicheka, akatangulia ndani akivuta kamba, na kamba ikakaza, kisha ikalegea, na ng'ombe akakimbia nayo, na Itto akabaki akiita jina la mumewe mlangoni huku mle gizani vishindo vikipanda ukutani, vikitambaa chini ya boriti, vikishuka polepole hadi pale aliposimama Bihi, halafu vikakoma.

Bihi alitoka. Aliukanyaga udongo wa kizingiti kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu viatu vya mwenzake, akapita.

Itto alimrukia kwa furaha, akamkumbatia. Kifua kile kilikuwa baridi, na ndani yake kulikuwa na pumzi nyingi, kila moja na mwendo wake.

"Tuligonga, Itto," alisema kwa sauti ya Bihi, taratibu. "Ukasikia."

Itto alijivuta nyuma. Mkono wa mumewe ukamshika kiuno, ukamgeuza kuelekea nyumbani.

"Usilie, mke wetu. Hatuondoki tena."