Mchicha wa Bwawa la Pili

"Kama maji hayo ni safi, yanywe!"

"Nani kasema ya kunywa? Ni ya kumwagilia, Mama Julia!"

Ndugu zangu, hao ni majirani zangu hapa Masasi mjini, Bibiana na mumewe Ladislaus. Tumechoka kuwasikia. Lakini siku hiyo Bibiana alikuwa na haki ya kufoka. Binti yao Julia, wa miaka sita, alikuwa ndiyo kwanza ametoka wodini. Homa ya matumbo, mara ya pili mwaka huu.

Ladislaus ni mwangalizi wa mtambo wa kusafisha majitaka. Kazi anaijua. Maji ya vyoo vya mji hupita mabwawa matatu, kisha chujio la mchanga na matete, mwisho hupita chini ya taa za kuua vijidudu. Hapo ndipo humwagiliwa miche ya mikorosho. Yeye alichomeka mpira wa maji kwenye bwawa la pili, akauvuta mpaka kwenye matuta ya mchicha ya mkewe.

"Hayanuki," alisema. "Nikisubiri yafike mwisho, jua limeshakunywa nusu. Mimi nimekulia Kitangari, tukibeba ndoo kutoka bondeni. Mama alituogesha wanne kwa ndoo moja, na maji yaleyale akayamwagia mgomba. Nani alikufa?"

"Yale yalikuwa jasho lenu wanne. Haya ni choo cha mji mzima, Baba Julia."

"Daktari kasema ni mchicha?"

"Daktari kauliza tunamwagilia nini. Nimemwambia maji ya bomba." Sauti yake ilishuka. "Nimedanganya, na mtoto ana dripu mkononi, ili wewe usifukuzwe kazi."

Mara mgeni akaingia uani.

"Hodi! Shikamoo Mama Julia." Alikuwa Sijaona, mke wa fundi baiskeli, mjamzito wa miezi saba. "Nesi kasema damu imepungua, nile mchicha kwa wingi. Nipe mafungu mawili. Maana wa kwako majani kama masikio ya tembo!"

"Marahaba," alijibu Bibiana, wala hakucheka.

"Mpe," alinong'ona Ladislaus. "Si anaupika?"

"Ataosha kwa mikono hiyohiyo anayolia chakula." Bibiana akalitazama lile tumbo, kisha akasema kwa sauti, mtaa mzima ukasikia: "Sijaona, mchicha huu unanyweshwa majitaka. Ndio uliomlaza Julia. Usiule."

"Na ule niliokula wiki iliyopita?"

Bibiana akamshika bega.

"Nenda kapime leo," alisema. "Na ukiulizwa, nitaje."

Akachukua jembe. Aling'oa tuta la kwanza, la pili, yote saba, akafukia majani shimoni.

"Nitafukuzwa," alisema Ladislaus.

"Utafukuzwa."

Ladislaus akaung'oa mpira, akaukata vipande, akavaa shati la kazi na kwenda ofisini kusema mwenyewe.

FUNZO

Maji kutonuka si maji kuwa salama. Mtambo una hatua zake, na anayeruka moja anawalisha wenzake uchafu. Tumekulia kwenye shida ya maji, najua, lakini shida haiui vijidudu. Na wewe unayejua ukanyamaza kulinda mshahara, hatia ni yenu wawili. Sema kabla jirani hajala.